Ng'ombe mapishi saba: namna ya kuchagua mkahawa wa Kivietnam

Wavietnam wa kusini wana mlo wanaouita bò bảy món. Tamka "bo bai mon". Maana yake ni ng'ombe mapishi saba, na kwenye menyu mara nyingi huandikwa kwa tarakimu: Bò 7 Món. Mnakaa mezani, zinaletwa sahani saba za nyama ya ng'ombe, moja baada ya nyingine, na hakuna inayofanana na mwenzake. Kuna ya kuchovya kwenye siki inayochemka, ya kuviringishwa kwenye majani na kuchomwa, ya kupikwa kwa mvuke, na mwisho kabisa uji. Naishi Houston, Marekani, na wageni wakija kutoka nyumbani, kwenye mlo huu ndiko ninakowapeleka, kwa sababu sisi tunapenda nyama, na tunapenda zaidi kula tukiwa wengi kwenye sinia moja.

Lakini mara ya kwanza nilikosea vibaya. Nilimpeleka mjomba wangu aliyekuja kutoka Tanga, Mwislamu mwenye kushika dini yake. Nilidhani nikisema "ng'ombe" nimemaliza. Tulipofika sahani ya tatu akaniuliza ule utando mwembamba uliozunguka nyama ni kitu gani. Nikamuuliza mhudumu, naye akajibu bila kuficha: mafuta ya nguruwe. Mjomba aliweka vijiti chini, akaomba maji, akanyamaza. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Niliyojifunza tangu siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa.

Jua kwanza unachokitafuta

Huwezi kuchagua mkahawa kama hujui mlo wenyewe ukoje. Orodha hubadilika kidogo kutoka jiko hadi jiko, ila hizi ndizo utakazozikuta mara nyingi.

Bò nhúng dấm ndiyo moyo wa mlo. Nyama mbichi iliyokatwa nyembamba kama karatasi huletwa kwenye sahani pana, pamoja na jiko dogo la mezani lenye sufuria ya siki, mchaichai na vitunguu, mara nyingi siki hiyo ikiwa imepozwa ukali kwa maji ya dafu. Unachovya kipande mwenyewe, sekunde chache tu, kisha unakifunga kwenye karatasi ya mchele, bánh tráng, ambayo nayo huliwa, pamoja na majani na tambi nyembamba za mchele.

Bò lá lốt ni nyama ya kusaga iliyoviringishwa kwenye jani na kuchomwa. Jani hilo ni jamii moja na tambuu na pilipili manga. Mtu wa Pwani akilishika atadhani kashika tambuu, ila halina ukali ule, na likiguswa na moto hutoa harufu inayofika meza ya tatu.

Bò mỡ chài ndiyo iliyotuponza. Ni nyama iliyofungwa kwa utando wa mafuta unaofunika matumbo ya mnyama, kisha ikachomwa hadi utando ukayeyuka na kuacha nyama laini. Kwa desturi utando huo ni wa nguruwe.

Chả đùm ni bonge la nyama ya kusaga lililochanganywa na tambi za choroko na uyoga mweusi, likapikwa kwa mvuke. Huliwa kwa kuchotwa na vipande vyepesi vya kukaanga vyenye ladha ya kamba. Ukiviona utakumbuka papadi.

Zaidi ya hapo kuna nyama ya mchaichai iliyochomwa, kuna ya kukaangwa mezani kwa siagi, na kuna saladi ya nyama yenye ndimu. Wa mwisho ni cháo bò, uji wa mchele uliopikwa kwa supu ya ng'ombe na tangawizi. Uji huo ni mwepesi, wa kutuliza tumbo baada ya mafuta yote yale.

Kwa nini saba, na kwa nini ng'ombe? Zamani Vietnam ng'ombe na nyati walikuwa wa kulimia, na kumchinja mnyama anayekulimia shamba si jambo la kila siku. Wafaransa walipotawala ndipo hamu ya nyama ya ng'ombe ilipokua mijini. Kuketi kula sahani saba za ng'ombe mtupu kulikuwa kula kwa sherehe, na hadi leo familia nyingi huuweka mlo huu kwa ajili ya siku ya kuzaliwa, mahafali au mgeni wa mbali. Jambo hili litakusaidia kuchagua: mkahawa mzuri wa mapishi saba una meza kubwa zenye babu na wajukuu.

Swali la nguruwe liulizwe kabla hujatoka nyumbani

Kama wewe au mgeni wako hamli nguruwe, usitegemee neno "ng'ombe" kwenye menyu. Nguruwe anaweza kuingia kwa milango minne. Wa kwanza ni ule utando wa mỡ chài. Wa pili ni nyama ya kusaga ya lá lốt, ambayo wapishi wengi huichanganya na mafuta ya nguruwe ili isikauke kwenye moto. Wa tatu ni chả đùm, ambamo nyama ya nguruwe huweza kuchanganywa na ya ng'ombe, na pengine bonge zima hufungwa kwa utando uleule. Wa nne ni mafuta yenye majani ya vitunguu yanayomwagiwa juu ya nyama ya kuchoma. Mengine ni ya mbegu, mengine ni ya nguruwe.

Jifunze neno moja: heo. Ndiyo nguruwe kwa Kivietnam cha kusini, na Wavietnam wengi wa Marekani asili yao ni kusini. Kaskazini husema lợn. Sentensi ya kuuliza ni "Có mỡ heo không?", yaani kuna mafuta ya nguruwe? Hata ukiitamka vibaya, ukiitaja sahani yenyewe na neno heo utaeleweka, na nimeona nyuso za wahudumu zikibadilika kwa wema mtu anapojaribu lugha yao.

Kutokuwa na nguruwe hakumaanishi nyama ni halali. Hilo ni swali la pili na liulizwe peke yake: nyama hii mnanunua wapi, na imechinjwa vipi? Jibu likiwa la kusitasita, lihesabu kuwa ni hapana, uendelee kutafuta. Mikahawa ya Kivietnam yenye nyama ya halali ipo katika miji yenye Waislamu wengi, lakini yenye mapishi yote saba ni michache sana. Mimi nikiwa na mgeni kama mjomba huwa sihangaiki tena. Nanunua nyama kwenye bucha la halali, namwomba muuzaji aikate nyembamba kwa mashine, napika bò nhúng dấm nyumbani. Kati ya mapishi saba ndilo rahisi kuliko yote: kikombe kimoja cha siki ya mchele kwa vikombe viwili vya maji ya dafu, mchaichai uliopondwa, kitunguu, chumvi na sukari kidogo, kisha onja na urekebishe. Karatasi za mchele na majani utavipata kwenye duka lolote la Kivietnam.

Wanaosafiri kwenda Vietnam kwenyewe, na wapo, maana Wavietnam ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa korosho ghafi zetu za kusini mwa Tanzania, wana nafasi nzuri zaidi. Katikati ya jiji la Ho Chi Minh, ambalo zamani liliitwa Saigon, mtaa wa Đông Du, kuna msikiti uliojengwa mwaka 1935 na Waislamu wenye asili ya India, na jirani yake kuna mikahawa ya halali. Ukifika Châu Đốc, mkoa wa An Giang, utawakuta Wacham, Waislamu wenyeji wa nchi hiyo, na soseji yao ya ng'ombe iitwayo tung lò mò. Haimo kwenye mapishi saba, lakini usiondoke bila kuionja.

Tafuta penye Wavietnam wenyewe

Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilipoanguka mwishoni mwa vita tarehe 30 Aprili 1975, maelfu ya wakimbizi waliletwa Marekani, na kambi mojawapo ilikuwa Camp Pendleton, kusini mwa California. Wengi walihamia miji ya jirani ya Westminster na Garden Grove, wakafungua maduka kwenye barabara ya Bolsa, na kufikia 1988 jimbo likaitambua rasmi sehemu hiyo kwa jina la Little Saigon. Wengine walikwenda San Jose, wengine wakaja Houston, ambako leo barabara ya Bellaire ina vibao vya mitaa vyenye majina ya Kivietnam. Mapishi saba yalikuja pamoja nao. Ukiwa karibu na mojawapo ya sehemu hizi, anzia huko. Jina Pagolac, kwa mfano, limejulikana kwa mlo huu Westminster na Houston pia. Hakikisha tu kwanza kama mlango bado uko wazi, maana mikahawa ya familia hufungwa wazee wanapochoka na watoto wamekwenda kuwa madaktari.

Ukiwa mji wa mbali, usikubali mkahawa kwa sababu tu una bendera ya Vietnam na neno pho, supu ya tambi za mchele, dirishani. Mkahawa wa pho unaweza kupika pho nzuri sana na usijue kabisa kupanga mapishi saba. Soma menyu yao mtandaoni. Bò 7 Món ikiwa imewekwa juu, na sahani zake zimetajwa moja moja kwa majina, hiyo ni dalili njema. Ikiwa imejificha ukurasa wa mwisho kati ya vitu mia na hamsini, wanaipika mara moja kwa mwezi, na majani yao yatakuwa yamelala.

Kisha angalia picha zilizopigwa na wateja, siyo za mkahawa. Tafuta kitu kimoja tu: sahani ya majani.

Sahani ya majani ndiyo itakayokwambia ukweli

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wangu wanisikilize, kwa sababu sisi watu wa nyama tunaingia tukitazama nyama. Nyama nyembamba ya ng'ombe kila mtu anaweza kununua. Majani huhitaji mtu aliyeamka mapema akaenda sokoni, akayaosha, akachambua yaliyonyauka.

Sahani kamili ina saladi ya majani mabichi, nanaa, giligilani, mrihani wa Kiasia wenye shina la zambarau, na tía tô, jani ambalo upande mmoja ni kijani na wa pili zambarau. Penye wapishi wakweli utakuta pia diếp cá, jani lenye umbo la moyo na harufu ya samaki mbichi. Wageni wengi huliacha, na mimi mwaka wa kwanza nililiacha. Pembeni kuna tango, karoti na figili zilizolowekwa kwenye siki, na vitu viwili vinavyotenganisha mkahawa wa kweli na wa kubahatisha: ndizi mbichi iliyokatwa duara nyembamba na maganda yake, na tunda la nyota, khế. Ndizi ina ukakasi, khế ina uchachu, na viwili hivyo ndivyo vinavyokata mafuta ili uweze kufika sahani ya saba ukiwa bado una hamu. Mkahawa unaoleta saladi na tango peke yake umekupunguzia nusu ya mlo.

Baada ya majani, sosi ya kuchovyea. Inaitwa mắm nêm: dagaa wa baharini waliochachushwa kwa chumvi, wakachanganywa na nanasi lililopondwa, kitunguu saumu, pilipili na mchaichai. Harufu yake ni kali. Aliyekulia nyumba yenye ng'onda hatashtuka. Ikiwa mhudumu anakuona mgeni na kukuletea bila kuuliza ile nyepesi ya maji ya samaki na sukari, mwambie kwa upole unataka mắm nêm. Jinsi atakavyopokea ombi hilo utajua kama umefika mahali penyewe. Nanasi lionekane kwa macho. Kama ni maji ya kijivu yenye chumvi tupu, imetoka kwenye chupa moja kwa moja.

Piga simu, uulize haya

Kwanza uliza kama mapishi saba yapo siku hiyo, au yanaagizwa mapema. Pili, bei ni ya mtu mmoja au ya watu wawili, na kiwango cha chini ni watu wangapi, kwa sababu wengine hawapokei oda ya mtu mmoja. Tatu, jiko liko mezani, au nyama huja imeshapikwa? Kama hakuna jiko mezani, mimi hukata simu kwa heshima. Bila kuchovya mwenyewe, mlo umekosa ile nusu saa ya kwanza ya kuongea mikono ikifanya kazi.

Nne, na hili watu hulisahau, uliza kama wanaweza kuzileta sahani kwa zamu. Niliwahi kukaa mahali ambapo zote saba zililetwa ndani ya dakika kumi kwa sababu foleni ilikuwa nje. Uji ulipoa tukiwa bado tunafunga karatasi za kwanza. Jumamosi jioni hili hutokea sana. Nenda siku ya kazi, au Jumapili mchana mapema, na ujipe saa moja na nusu.

Idadi nzuri ni wanne. Wakiwa wawili, sahani huwa nyingi na mazungumzo machache. Wakizidi sita, omba majiko mawili, la sivyo walio pembeni watakuwa wakisubiri kama kwenye foleni ya maji. Wenye watoto wadogo waombe meza ya pembeni, kwa sababu sufuria ya siki inayochemka katikati ya meza si mchezo.

Ukishakaa

Tazama nyama mbichi kabla haijaguswa moto. Iwe nyekundu safi, nyembamba kiasi cha kuona rangi ya sahani chini yake, na sahani isiwe na dimbwi la maji ya damu. Dimbwi ni dalili kuwa ilikuwa imegandishwa na imeyeyuka. Sufuria ya siki inuse: mchaichai utangulie, siki ifuate. Siki ikikuchoma pua, omba waongeze maji ya dafu.

Wengi wetu hatupendi nyama yenye damu, na hakuna haja ya kuona haya. Kwenye siki unaiacha hadi iive upendavyo, ila ikipita muda itakuwa ngumu kama kamba, basi usiitupe sufuriani ukaisahau. Kwenye saladi uwe makini zaidi. Bò tái chanh ni nyama iliyo mbichi au nusu mbichi, "imepikwa" kwa ndimu tu. Neno tái maana yake haijaiva sawasawa, na chín ni iliyoiva. Mama mjamzito, mtoto au mgonjwa asiile hiyo, omba chín. Mwenye kudhurika na karanga naye aseme mapema, kwa sababu karanga zilizopondwa hunyunyizwa karibu kila mahali.

Karatasi ya mchele huwashinda wageni. Ichovye kwenye maji ya uvuguvugu kwa haraka, uitoe ingali ngumu kidogo, nayo italainika yenyewe wakati unapanga majani. Ukiisubiri ilainike ndani ya maji itakushika vidole na kuchanika. Weka majani kwanza, tambi kidogo, nyama moja, kipande cha ndizi, kunja, chovya. Usijaze. Mkono utajifunza kufikia karatasi ya nne.

Kula kidogo mwanzoni. Saba ni nyingi, na karatasi za mchele hushibisha bila wewe kujua.

Bili ikija, isome. Marekani ni kawaida kumwachia mhudumu asilimia 15 hadi 20, lakini kwa kundi kubwa mikahawa mingi huwa imeshaiongeza, na ukilipa juu yake umelipa mara mbili. Beba pesa taslimu, kwa sababu baadhi ya mikahawa ya familia haipokei kadi. Nyama ya kuchoma iliyobaki fungasheni. Majani na karatasi zilizolowa acheni, havifiki nyumbani vikiwa salama.

Mjomba alirudi Houston miaka miwili baadaye. Safari hiyo tulikula kwangu, sufuria ya siki katikati ya meza, nyama ya bucha la halali, ndizi mbichi nimezikata mwenyewe. Alikula karatasi tisa, nilizihesabu. Kisha akauliza kama ile mắm nêm huweza kubebwa kwenye begi la ndege, nikamwambia chupa aifunge kwa mifuko mitatu na asiiweke karibu na kanzu zake.